Mwalo Tulioandika Kuwa Mtupu

Nimekabidhi muhuri, funguo mbili, na kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa waya. Karatasi ya makabidhiano ina mistari mitatu, kila mmoja una sahihi, na mwenzangu aliyepokea alihesabu funguo mara mbili, kana kwamba mbili zingeweza kuwa tatu. Hakukuwa na mstari wa mambo niliyoyaona. Hayo nayaandika hapa, kwa ajili yenu mnaobaki ofisini hapa mjini Baraka, mtakaotumwa kesho kwenda kusikiliza watu na kurudi na karatasi.

Kazi yangu ilikuwa kuandika mikutano. Wakubwa walisema, wananchi walijibu, mimi niliandika. Nimeandika mikutano ya mashamba, ya visima, ya barabara, ya wakimbizi, na mwishoni mikutano ya mafuta ya petroli ambayo yanasemekana kulala chini ya ziwa letu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa.

Mimi ni mtu wa Kilembwe, kule bara, kwenye mihogo na karanga. Niliposhuka Baraka kuanza kazi nililijua ziwa kama nilivyoijua Kinshasa, yaani kwa kusimuliwa. Aliyenipokea ni Mzee Lubunga, karani mkuu, mtu mwembamba aliyevaa koti hata siku ambazo mbuzi walikuwa wakigombania kivuli. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa daftari na kalamu, akanituma kwenye kikao cha koo mbili zilizokuwa zikigombania shamba, akaniambia nirudi na kilichosemwa. Nilirudi na kurasa nane, nikiwa na kiburi kidogo. Alizisoma zote amesimama. Kisha akaniuliza wanawake walikaa wapi. Nikamjibu kwamba walikaa nyuma, karibu na mlango. Akauliza walisema nini. Nikasema hawakusema kitu. Akanirudishia daftari.

"Andika hiyo pia," alisema. "Ukiandika tu benye kusema, kesho bantu batafikiri bengine balikubali."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Nilikaa tena chini na kuandika: wanawake kumi na wawili walikaa karibu na mlango, hawakuulizwa. Mwezi uliofuata mstari huo ulitumiwa na hakimu, na ilibainika kwamba shamba lililogombaniwa na wanaume wa pande zote mbili lilikuwa limelimwa miaka yote na mjane mmoja kati ya wale kumi na wawili. Nilishangaa kuona mstari mmoja unaweza kubeba shamba zima. Mzee Lubunga hakushangaa. Alikuwa akitafuta kizibo cha wino.

Alikuwa na desturi nyingine ambayo nawaomba muishike. Kila mkutano una orodha ya waliofika, na kila aliyefika anaandika jina au anaweka dole gumba. Wakubwa wengi huipenda orodha hiyo kuliko mkutano wenyewe, kwa sababu ukiibandika nyuma ya ripoti inafanana sana na orodha ya waliokubali. Kwa hiyo Mzee Lubunga, kabla mtu yeyote hajashika kalamu, aliandika juu ya karatasi kwa mkono wake: "Waliofika ni hawa. Kufika si kukubali." Mara mbili nilimwona mgeni wa heshima akiomba karatasi nyingine iliyo safi zaidi. Mara zote mbili karatasi safi zilikuwa zimekwisha.

Kuhusu vifaa sina mengi. Wakati wa mvua tumieni penseli, maana wino hutembea. Daftari liwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko uwe ndani ya mfuko mwingine, kwa sababu wa kwanza una tundu hata kama hamjaliona. Kibao cha wino wa dole gumba kikikauka, tone la maji linatosha. Mate hayafai, na watu wanatazama. Dole likishawekwa, mpeni mtu jani la mgomba ajipanguse. Mtu aliyeachwa na kidole cheusi mbele ya wenzake hatarudi kwenye mkutano wa pili.

Miaka ile kambi ya Lusenda ilipofunguliwa kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia Burundi, nilipelekwa huko mara nyingi. Kulikuwa na ugomvi wa kuni. Wenyeji walisema miti yao inakwisha, wakimbizi walisema hawawezi kupika kwa mikono. Katika kikao kimoja mzee mmoja Mrundi, mkulima, aliulizwa maoni yake mara tatu, na mara tatu alijibu kwamba bado anasikiliza. Mkutano ukafungwa bila lolote. Watu walikuwa wameshasimama, wanajipangusa vumbi, ndipo aliposema neno lake. Aliwauliza wenye mashamba ni miti ipi waliyoipanda kwa mikono yao wenyewe. Hakuna aliyewahi kuwauliza hivyo. Waliitaja, ukakuta si mingi, na yule mzee akasema basi hiyo haitaguswa. Nusu ya ugomvi iliisha watu wakiwa wamesimama. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga daftari kabla ya vumbi kupanguswa.

Sasa nifike Swima.

Mnakijua kijiji hicho, juu kwenye barabara ya Uvira, mlima nyuma na ziwa mbele. Mlima pale unashuka hadi majini bila kupumzika, na sehemu kubwa ya ukingo ni mawe. Kuna kipande kimoja tu cha mchanga na kokoto kilicho tambarare, na hapo ndipo mitumbwi hutua. Huo ndio mwalo wa Swima. Kampuni iliyokuja kupima mafuta chini ya ziwa ilihitaji mahali pa kuegesha boti zake, kuweka mabomba na mapipa, na kuzungushia uzio. Jina la kampuni sitalitaja; imekwisha kuondoka na sina hamu ya kuifuata. Ilileta mhandisi kijana kutoka Kinshasa, mtu wa adabu, aliyewasalimia watu kabla ya kufungua mkoba. Nilipewa kazi ya kumsindikiza, kumtafsiria, na kuandika ripoti ya hali ya mahali.

Tulifika asubuhi. Mwalo ulikuwa mweupe kama sahani iliyooshwa. Kulikuwa na mbuzi mmoja, nyavu zilizoanikwa pembeni, na mitumbwi imepinduliwa. Harufu ya samaki ilikuwepo, lakini harufu haipigwi picha. Mhandisi alipiga picha nyingi. Akaniuliza kama mahali pale panatumika. Nami, mtoto wa Kilembwe, niliangalia mchanga kama ninavyoangalia shamba: nikaona hakuna kilichopandwa, nikaona hakuna mpaka, hakuna jiwe wala mti wa kuonyesha huku ni kwa fulani. Chefu wa kijiji alikuwa amekwenda msibani. Hatukumuuliza mtu mwingine. Nikaandika: "Mwalo mtupu. Hakuna shughuli ya kudumu." Nikatia sahihi, na muhuri juu ya sahihi. Muhuri ulitoka vizuri kuliko siku zote.

Sheria inataka watu wa mahali wasikilizwe kabla ya kazi kama ile kuanza, na kampuni ilipanga mkutano wa hadhara wiki mbili baadaye, katika ukumbi wa kanisa. Nilishangaa kukuta viti vingi havina watu. Walikuwepo chefu, walimu, mchungaji, wazee wachache. Mhandisi alieleza kwa upole kazi itakayofanyika, uzio, boti, ajira kadhaa. Kisha nikasoma ripoti yangu kwa sauti, kwa sababu Mzee Lubunga alinifundisha kwamba kilichoandikwa juu ya watu lazima kisomwe mbele yao. Nilipofika kwenye "mwalo mtupu" watu walicheka. Nilidhani ni matamshi yangu. Mwalimu mmoja akainuka, akatoka nje bila kuomba ruhusa.

Alirudi na mwanamke wa makamo, mikono imejaa magamba ya samaki hadi viwiko, ameshika fimbo ndefu yenye kitambaa nchani. Alikuwa Mama Atosha, mkubwa wa wanawake wanaoanika samaki. Hakukaa. Aliuliza ni nani aliyeandika habari ile. Nikasema ni mimi, mama.

"We ni muntu wa wapi?"

"Kilembwe."

Ukumbi ukacheka tena, na mzee mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kwamba muntu wa muhogo ameshuka kutafuta majani ku mchanga. Mama Atosha hakucheka. Aliniuliza nilikuja siku gani, nikamtajia. Akahesabu kwa vidole.

"Mwezi ulikuwa mukubwa," alisema.

Kisha akanieleza, polepole, kama unavyomweleza mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba bila kujua. Wavuvi wa ndagala, wale samaki wadogo wanaong'aa, huwaita kwa taa. Mwezi ukijaa, ziwa zima lina taa, na ndagala hawaoni sababu ya kuja kwenye taa ya mtu. Basi wiki hiyo mitumbwi hupumzika, wanaume hushona nyavu, wanawake hupanda mlimani kwenda mashambani. Mwalo hubaki na mbuzi. Mwezi ukifa, kazi hurudi, na hakuna anayeweza kuja kwenye ukumbi. Kwa hiyo tulikuwa tumekuja kuangalia siku ambazo hakuna cha kuangalia, na tukaita mkutano siku ambazo hakuna wa kuitika. Kama mtu angetaka kwa makusudi kuwakosa watu wote wa Swima, asingepanga vizuri zaidi.

"Sasa mi nikuulize, sekretere," alisema Mama Atosha. "Kama nakuya Kilembwe nyuma ya mavuno, nakuta shamba ya mama yako haina kitu, naandika: hapa hakuna mwenyewe. Itakuwa vizuri?"

"Hapana, mama."

"Basi andika hiyo hapana yako."

Niliiandika. Bado ipo kwenye faili, ukurasa wa tatu.

Mhandisi, ambaye kwa kweli alitaka kuelewa, aliuliza kama wanawake wana karatasi za viwanja vyao. Mama Atosha akamwambia kwamba karatasi mwaloni hulowana kabla ya saa sita, na kwamba ndagala hawangojei mkutano. Kunguru walikuwa wanawavizia samaki. Tukitaka kuwasikia, tuwafuate. Alikuwa ameshageuka. Tukamfuata, sisi na chefu na mchungaji, mhandisi amekumbatia mkoba wake.

Sijui niwaelezeje. Mchanga ule niliouona mweupe haukuwepo. Kutoka kwenye mawe ya upande huu hadi mawe ya upande ule palikuwa na samaki, tabaka moja tu, wamepangwa mmoja kando ya mwingine, na jua la saa nne lilikuwa limewaangukia. Ilinibidi nifumbe macho, nifumbue kidogo kidogo. Wanawake walitembea katikati yao kwa ncha za vidole, wakiinama, wakigeuza, wakifukuza ndege kwa fimbo, na hapakuwa na kamba, hapakuwa na jiwe, hapakuwa na chochote kinachosema huku kwangu huku kwako. Wala hakuna aliyekanyaga kwa mwenzake. Nilisimama hapo na ripoti yangu yenye muhuri mzuri.

Mhandisi akasema jambo ambalo halikuwa la kijinga. Alisema anaamini macho yake, lakini wakubwa wake watasema watu wameanika samaki siku moja ili waonekane. Ripoti mbili zinazopingana hazitoshi. Ya kwanza ina picha na muhuri, nao wataichukua hiyo. Uzio utajengwa hapo hapo, na wanawake watapewa nafasi ya kutoa maoni katika kitabu cha maoni. Wote tulielewa maana yake. Hakuna mahali pengine tambarare. Ndagala asiyeanikwa asubuhi huoza kabla ya jioni, na kijiji kizima kinakula kutokana na mchanga ule.

Mama Atosha alifikiri huku akigeuza samaki wake. Akasema: "Kuya tena mwezi ukikuwa mukubwa. Siku ileile mulipiga foto. Tutakuonyesha mahali hakuna kitu."

Mhandisi aliomba wakubwa wake wampe wiki mbili. Sijui aliwaandikia nini, lakini walimpa.

Nilirudi ofisini na kumwambia mkuu wangu kwamba nataka kusahihisha ripoti. Alinijibu kwamba ripoti ikishapigwa muhuri ni kama mtoto aliyezaliwa. Unaweza kumlea, huwezi kumrudisha. Nikapanda pikipiki hadi Fizi, kwa Mzee Lubunga, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na analima maharage akiwa amevaa lile koti. Alisoma ripoti yangu kwa miwani na kioo cha kukuzia. Hakunilaumu. Alisema niandike karatasi mbili tofauti: ya kwanza iseme kosa langu peke yake, ya pili iseme yao. "Hapana changanya," alisema. "Ukichanganya, batasoma kosa yako tu, balale." Kisha akaniuliza nitawezaje kuthibitisha mpaka usioonekana. Nikasema sijui. Akasema hata yeye hajui, na akaonekana kufurahi, kama mtu aliyeona ziwa mara ya kwanza.

Njia niliipata njiani, juu ya pikipiki. Nawaambia kwa sababu mnaweza kuihitaji.

Mwezi ulipojaa tulirudi. Mwalo ulikuwa mtupu kama siku ile, hata mbuzi alikuwepo. Niliwaomba wanawake wote, zaidi ya thelathini, wakae ndani ya darasa la shule, mahali ambapo mwalo hauonekani. Nikawaita mmoja mmoja. Kila mmoja alipewa vijiti vinne, akaambiwa avichomeke kwenye pembe za nafasi yake. Mhandisi alipima, akaandika, tukaving'oa vijiti, tukafukia alama za nyayo kwa tawi la mchikichi, na tukaacha tu matundu madogo, yasiyoonekana kwa mtu aliyesimama, ambayo mhandisi alikuwa ameyaweka kwenye mchoro wake. Huyo akapelekwa kukaa kanisani, si darasani, asije akasema neno. Kisha tukamwita mwingine, si kwa mpangilio. Wa katikati, wa mwisho, wa pili.

Wa kwanza alitembea moja kwa moja, akasimama, akageuza kichwa nyuma na mbele, akachomeka. Wa pili vivyo hivyo. Wa tano alikuwa jirani wa wa kwanza. Alisimama, akaangalia mlima, akaangalia majini, akainama. Kijiti chake kiliingia kwenye tundu lile lile la jirani yake. Mhandisi alipiga magoti kuangalia. Tulipofika wa kumi na mbili alikuwa ameacha kupima kwa kamba. Alikuwa anawaangalia tu nyuso zao. Vijiti viliingia kwenye matundu, kimoja baada ya kingine, na palipobaki pengo kati ya nafasi mbili wote walituambia kitu kimoja bila kuulizwa: hapo ni njia ya kubebea mitumbwi.

Mimi nimeona vyombo vya kupimia ardhi, vile vyenye miguu mitatu. Sijawahi kuona kitu kama hicho.

Baadaye Mama Atosha alituonyesha siri yao, ambayo si siri, ni vile tu hakuna aliyewahi kuuliza. Kuna jiwe jeusi ndani ya maji. Kuna ufa katika mlima. Kuna pembe ya paa la kanisa. Mama mkwe akimpa mke wa mwanawe nafasi, humsimamisha hapo na kumwambia: ukisimama kwako, jiwe linakaa mbele ya pua yako, na ufa unakaa juu ya bega hili. Mwili unajifunza. Nilimuuliza inakuwaje ziwa likipanda, maana mnajua lilivyopanda miaka hii na nyumba lilizokula. Akasema ziwa likila mbele, wote wanarudi nyuma pamoja siku moja, hatua kwa hatua, wa pembeni akihesabu kwa sauti, ili asipotee mtu katikati. Wamefanya hivyo mara tatu tangu aolewe. Kijiji kilikuwa kimehamisha mwalo mzima mara tatu, na katika ofisi yetu hapakuwa na karatasi hata moja inayojua.

Tulikuwa karibu kumaliza. Mhandisi alikuwa na fomu ya wenye haki ya kusikilizwa, yenye safu ya jina, safu ya dole gumba, na safu ya kijiji cha kuzaliwa. Nje ya darasa alibaki mwanamke mmoja ambaye hakuwa ameitwa. Jina lake Spesiose, Mrundi, mkulima kwao, mkazi wa kambi ya Lusenda. Kwa miaka kadhaa alikuwa akinunua ndagala wabichi na kuwaanika Swima. Alikuwa amejitenga chini ya dirisha, na nilipomtazama alisema kwa haraka kwamba yeye ni mgeni tu, tusimhesabu.

Mama Atosha alimshika mkono akampeleka mwaloni. Akasimama kwenye nafasi yake mwenyewe, ile tuliyokwisha kuipima, akatembea hadi katikati, akamwambia Spesiose achomeke vijiti. Spesiose alichomeka. Alijua vizuri pembe zake; aliangalia jiwe, aliangalia ufa, kama wengine.

"Huyu iko na nafasi yake," alisema Mama Atosha. "Mi nilimukatia. Umuandike."

Mhandisi alieleza, na nilimwona akiona haya, kwamba fomu ni ya watu wa mahali. Mkimbizi ana ofisi yake inayomshughulikia. Akimtia humu, wakubwa wake wanaweza kuikataa orodha nzima.

Hapo palikuwa na hatari ya kweli, na wanawake waliokuwa wamerudi kutoka kanisani waliielewa. Wengine walimtazama Mama Atosha kwa macho ya kumsihi. Orodha ilikuwa karibu kukamilika. Mtu mmoja angeweza kuachwa.

Mama Atosha hakupandisha sauti. "Mafuta yenu ikimwangika hapa, papa, itauliza kwanza nani iko mukimbizi?"

Mawimbi madogo yalikuwa yakija na kurudi. Mwanamke mmoja wa kule nyuma, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa miongoni mwa waliosihi, akasema: "Kama huyu hayumo, na mimi utoe." Mwingine akasema vivyo hivyo. Sitawadanganya kwamba wote walisema. Wapo walionyamaza, na niliandika kwamba walinyamaza.

Mhandisi alinipa fomu. Ilikuwa ya Kifaransa, iliyochapwa vizuri, na safu zake zilikuwa zimefungwa kwa mistari minene. Nilichukua rula, nikafuta kwa mstari mmoja safu ya kijiji cha kuzaliwa, na juu yake nikaandika kwa mkono: "Anayetumia mwalo." Nikatia sahihi pembeni ili ijulikane ni nani aliyeharibu karatasi. Mhandisi naye akatia sahihi chini ya yangu. Kalamu yake ilikuwa nzuri zaidi.

Spesiose alikuwa wa mwisho kuweka dole. Niliinua jani la mgomba nimpe ajipanguse, akatikisa kichwa, akaondoka akiwa amekishika kile kidole juu, mbali na nguo yake, kama mtu abebaye maji.

Niliandika karatasi mbili kama Mzee alivyosema. Katika ya pili, kwa maagizo ya wanawake wenyewe, niliongeza masharti ambayo sikuwahi kuyaona katika mkutano wowote: mkutano unaohusu mwalo ufanyike mwezi ukiwa mkubwa, ufanyike mwaloni, na hakuna atakayesema mwalo ni mtupu kabla hajaulizwa mwanamke anayesimama hapo. Mkuu wangu alipokea karatasi ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa mshangao, akazipiga muhuri zote mbili. Kampuni ilihamisha michoro yake hadi ng'ambo ya mto unaoingia ziwani kando ya kijiji, kwenye mawe, mahali ambapo ingelazimika kutumia nguvu zaidi. Haikujenga hata huko. Ilifungasha ikaondoka, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Inaweza kurudi, au ikaja nyingine. Siwaahidi kwamba karatasi itaizuia. Nawaambia tu kwamba ipo, kwamba nakala moja iko Swima ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na kwamba atakayeitwa kuisoma kwa sauti pengine ni mmoja wenu.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Swima kuaga. Safari hii nilihesabu mwezi kwanza. Nilifika saa nne asubuhi, mwezi umekufa, na mwalo ulikuwa umefunikwa wote, unawaka. Nilimwona Mama Atosha upande wa mbali, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amezeeka, fimbo iko magotini. Kando yake Spesiose anageuza samaki. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini. Nikainua mguu nipite katikati kwenda kuwasalimu.

Mwanamke kijana aliyekuwa ameinama karibu yangu aliinuka. Hakunijua, na hapakuwa na sababu ya kunijua.

"Baba, hapo ni kwa muntu," alisema. "Zunguka ku maji."

Nilivua viatu, nikakunja suruali hadi magotini, nikaingia ziwani na kuzunguka.